Mafuta ya Nazi kwenye Bunduki ya Amur

Mzee Tuwaini ana miaka hamsini na mitatu tangu aje huku Ibra, Oman, na mpaka leo ukiulizia nyumba yake utaambiwa, "Kwa Mzanzibari? Pita msikiti, kisha mkono wa kulia." Hawasemi kwa ubaya, najua. Lakini mtu aliyemzika mkewe na mwanawe kwenye makaburi yenu, bado ni mgeni wa nani? Mimi jambo kama hili likinikaa kooni silimezi, ndiyo maana naandika.

Naitwa Zabibu, mtu wa Pangani. Nyumbani kwake napika, nafua, namwangalia sukari yake na kumtia dawa ya macho. Aliyeniajiri ni mkwewe, Dalal, mjane wa mwanawe Firas. Dalal ni Mwarabu wa hukuhuku Ibra. Kiswahili anakielewa kidogo lakini hakisemi. Firas alikufa kwa ajali ya gari akamwacha mtoto wa miaka minne, Yazan. Kuanzia siku hiyo Mzee Tuwaini akawa babu na baba. Ndiye aliyempeleka shule, ndiye aliyemfundisha kuendesha gari, na ndiye aliyelala naye chumba kimoja mpaka mtoto alipoacha kushtuka usingizini. Yazan sasa ni mtu mzima, ana kazi nzuri upande wa Sur, na Kiarabu chake ni cha kwao hasa. Neno moja tu la Kiswahili lilimganda ulimini tangu utotoni: alimwita mzee "Babu", hata katikati ya Kiarabu, hata mbele za watu. Sote nyumbani tukamfuata, tukawa tunamwita Babu.

Babu alizaliwa Mkunazini, mjini Unguja. Alikuja Oman akiwa kijana wa miaka ishirini na mitatu, akafikia kwa mjomba wake, Amur, ambaye yeye hakuwahi kutoka Ibra maisha yake yote. Kazi aliyoipata ilikuwa kuendesha gari la maji la serikali. Kwa miaka ishirini na sita alipanda nalo milima ya Dima wa Tayyin, vijiji ambavyo siku hizo havikuwa na bomba. Alijua kila kona ya njia ile na kila mbwa aliyekuwa akilifukuza gari. Nikimwomba anipigie hadithi za Unguja hunipa mbili tatu, lakini nikimuuliza za gari la maji, chai inapoa.

Kuna kitu kimoja hakuwahi kukipata. Huku, kukiwa na harusi au sikukuu, wanaume husimama safu mbili na ngoma, wakapokezana mashairi, huku wakiinua panga na bunduki za kale. Mchezo huo wanauita razha. Mwanamume wa makamo yake husimama mbele na bunduki ya mzee wake. Babu alikuwa akisimama mwisho wa safu, pamoja na waliokuja kutazama, akipiga makofi. Nusu karne ya makofi! Alikuwa akinichekesha kwa kusema kwamba viganja vyake vimekuwa vigumu kuliko magoti ya ngamia, lakini akishasema hivyo hutazama pembeni.

Na bunduki alikuwa nayo. Mjomba Amur alipofariki, wanawe walirithi shamba la mitende, na Babu akaachiwa gunia. Ndani yake mlikuwa na bunduki ya zamani ya risasi moja moja, mtutu wake mzima na kitako chake cha mbao kizima, ila ile sehemu ya chini inayobeba triga ilikuwa imefunguliwa vipande vipande kwa sababu springi yake ilivunjika. Amur alikuwa amefariki kabla hajaifunga. Kibali cha polisi Babu alikuwa nacho, na kila kilipokwisha alikwenda kukihuisha, halafu gunia likarudi chini ya kitanda. Hakujua kuifunga. Amur alikuwa akiisafisha kila kuamkia sikukuu, lakini hakumruhusu mpwa wake aguse chochote. Alimwambia, "Nyie watu wa karafuu, kazi yenu kushika sahani." Basi Babu akashika sahani ya skrubu, mwaka baada ya mwaka.

Mwaka jana Yazan alichumbia. Msichana, Mayar, kwao ni kijiji kimoja huko Dima wa Tayyin, na harusi ikapangwa mwezi wa kwanza. Siku Yazan alipoleta habari, Babu alinifuata jikoni. Salamu yangu aliikatiza, kwa jinsi alivyokuwa na lake.

"Zabibu, mie ndo babake huyu. Babake hayuko. Siku ile mie ndo n'takaesimama mbele."

"Ndiyo, Babu. Nani mwingine?"

"Basi sendi mikono mitupu. N'taiunga bunduki ya Amur, n'tasimama nayo, na razha ikesha n'tamkabidhi Yazan mbele ya wanaume wote. Wajuwe kama ana mtu."

Ijumaa iliyofuata tulipanda gari na Dalal mpaka soko la Nizwa, ambako wauza bunduki za kale hukaa na vipande vyao asubuhi. Babu alipata springi. Muuzaji, kijana mwenye adabu, alimwambia amletee bunduki yote, ataifunga mwenyewe wakati kahawa ikimiminwa. Babu alikataa. Kijana akamshauri angalau anunue na kichupa cha mafuta ya mashine. Babu akasema nyumbani mafuta yapo. Nilikuwa nimesimama hapo hapo na kikapu cha vitunguu, nikayasikia yote.

Kazi ilifanyika siku mbili kabla ya harusi, baada ya chakula cha mchana, kwenye majlisi, sebule ya wageni, panapoingia jua. Alitandika shuka kuukuu, akavaa miwani miwili, mmoja juu ya mwingine. Nikadhani nitacheka lakini kicheko hakikuja.

"Njoo ushike sahani."

"Mimi, Babu? Mimi na bunduki wapi na wapi?"

"Mie na bunduki wapi na wapi? Shika, mwanangu. Leo zamu yako."

Hakuwa amejifunza kwa kutazama mikono ya Amur, kwa sababu Amur alikuwa akimpa mgongo. Alichokijua ni mpangilio ambao mjomba alikuwa akiufuata kuulizia vitu: kwanza ile ndefu, kisha kipini, kisha ile fupi yenye kichwa kilicholika. Kwa hiyo alifumba macho, akamsikiliza marehemu, akanyoosha mkono kwenye sahani na kuokota. Alikosea, akafungua, akaanza upya. Springi ilimruka ikaingia chini ya kochi na mimi nikalala kifudifudi kuitafuta. Mara ya nne, adhana ya alasiri ikikaribia, kila kitu kilikaa. Alivuta wenzo, akabonyeza triga, ikasikika *tak*, safi, chumba kizima.

Alilia. Sikuwahi kumwona akilia, hata siku ya khitma ya mkewe.

Ila ilikuwa nzito, inakwaruza. Hapo ndipo aliponiambia, "Lete mafuta." Mafuta ya mashine ya cherehani yalikuwa yamekwisha. Nikasema, "Yapo ya nazi, Babu. Yale aliyoniletea Saburi." Saburi ni binamu yangu, alikuwa ametoka likizo, na mafuta yale aliyakamua mama yangu mwenyewe. Babu aliinusa chupa, uso ukamfunguka. Nyanya yake Mkunazini, alisema, alikuwa hana mafuta mengine: bawaba za mlango, cherehani, jambia la babu, nywele za watoto, vyote nazi, na vyote vilikuwa vikiteleza. Akamimina. Hakudondosha, alimimina, mpaka yakachuruzika kwenye shuka. Akabonyeza tena mara mbili, ikawa laini kama kufungua mlango wa kabati jipya. Akaifuta, akaivisha kitambaa cha kijani, akaiweka.

Sasa sikilizeni. Chupa ile nilikuwa nimeipasha kwenye bakuli la maji moto kabla sijampelekea, kwa sababu ilikuwa imeganda. Ibra mwezi wa kwanza si Pangani. Kila asubuhi ya baridi naipasha ndipo nijipake. Nilijua kwa mikono yangu mwenyewe kwamba mafuta yale baridi ikiingia huwa jiwe jeupe, na akili yangu haikuliunganisha hilo na bunduki. Babu naye alijua, miaka hamsini anaona nazi ikiganda huku. Lakini alasiri ile alikuwa Mkunazini, kwa nyanya yake, na mimi nilikuwa Pangani kwa mama. Hakuna mtu wa Ibra ambaye angefanya kosa lile.

Siku ya harusi tuliondoka baada ya sala ya alfajiri, magari kumi na mbili. Bunduki ililala nyuma ya gari letu, ndani ya kitambaa chake. Milimani baridi ilikuwa ya kuuma masikio. Wanawake tulijifunika shali mbilimbili. Babu alikaa mbele, dishdasha mpya, kilemba alichofungwa na Yazan mwenyewe, akimwonyesha dereva njia ambayo dereva alikuwa nayo kwenye simu.

"Hapa n'likwama siku tatu. Wadi ilishuka, mafuriko matupu. Nyumba ile pale ikanipa mbuzi," alisema. Kijiji cha bi harusi kilikuwa kimojawapo cha vile alivyokuwa akipeleka maji.

Kijiji kile kina desturi yao. Upande wa bwana harusi ukifika, mkubwa wao husogea na kumkabidhi mkubwa wa wenyeji bunduki yake kwa mikono miwili. Mwenyeji huifungua waone wote kuwa ni tupu, huifunga, huielekeza juu, hubonyeza triga ikalia, kisha humrudishia. Maana yake wameingia kwa amani, na razha inaanza. Babu alikuwa ameyajua haya tangu zama za gari la maji. Alikuwa ameyatazama akiwa amekaa kwenye usukani.

Wanawake tulipelekwa upande wetu, lakini Dalal alinituma nirudi na chupa ya chai isiyo na sukari na vidonge vya Babu. Kwa hiyo nilikuwa nimesimama nyuma ya vijana, karibu na magari, nikayaona yote. Nilimwona Babu akitoka kwenye safu peke yake. Alitembea wima. Mkubwa wa wenyeji, Sheikh Himid, mtu wa makamo yake, aliipokea bunduki, akaibusu mbao, akaifungua, akaionyesha. Akaiinua. Akabonyeza.

Haikulia. Akavuta wenzo tena, kwa nguvu zaidi, akabonyeza. Kitu ndani kilijivuta taratibu kikasimama njiani. Sheikh Himid akaangalia kidole chake, kilikuwa na utelezi mweupe. Akakinusa. Sidhani alikusudia ubaya, ilimtoka tu, kwa sauti ya kusikika: "Nazi?"

Mtu mmoja akacheka. Kisha wakacheka wote, wazee kwa watoto. Mmoja akapaza sauti kwa Kiarabu kwamba Mzanzibari ameipika bunduki mchuzi. Simu zikainuliwa. Nilitamani niwapigie kelele kwamba nyie wote hapa mmenyweshwa maji na mzee huyu, mama zenu walijaza madebe kwenye gari lake, lakini nani atamsikiliza mtumishi aliyeshika chupa ya chai? Babu alibaki amenyoosha mikono miwili mbele, akingoja arudishiwe.

Mbele yangu alikuwa Yazan, amesimama na wenzake wa kazini waliotoka Sur na Maskati. Mmoja wao, huku anarekodi, alimuuliza kwa Kiarabu, "Nani huyu mzee? Babu yako?"

Na Yazan alicheka. Akasema, "Hapana, wallahi. Jirani. Jirani yetu tu, maskini, tumemchukua."

Babu alikuwa hatua nne kutoka hapo. Niliuangalia uso wake na nikamwona amesikia. Haukubadilika ghafla. Ulifanya tu kama uso wa mtu aliyeitwa kwa mbali, akageuka, akakuta si yeye aliyeitwa. Sheikh Himid, aibu zimemshika, alimrudishia bunduki na kumwombea dua, na mtu mwingine akatoa bunduki yake ikalia, na ngoma zikaanza. Babu akarudi nyuma kidogo kidogo mpaka mwisho wa safu. Hakupiga makofi.

Nilipompa vidonge aliviweka mfukoni. "Zabibu, sukari yanisumbua. N'tafutie mtu wa kutushusha." Haikuwa sukari. Jamaa mmoja wa Dalal alitushusha mpaka Ibra, na njia nzima Babu hakuonyesha nyumba yoyote.

Nyumbani aliketi uani, kwenye jua, bunduki mapajani. Niliingia jikoni nikajifungia nikalia vilio viwili, chake na changu. Nilipotoka saa nane hivi nilisikia *tak*. Kisha tena, *tak*. Mafuta yalikuwa yameyeyuka. Nikapiga magoti mbele yake.

"Babu, nisamehe. Mimi ndiye niliyekupa. Nilijua yanaganda, wallahi nilijua, sikukumbuka."

"Mafuta hayana kosa. Na wewe huna." Alinishika kichwani. "Bunduki wacha wacheke, hata mie ningecheka." La Yazan hakuligusa. Nilingoja aliseme, akabonyeza triga tena.

Siku ya tatu Yazan alikuja, peke yake, na sahani za halua. Aliingia na bashasha zake, akambusu Babu kichwani na mkononi, akaketi chini miguuni pake kama alivyokuwa akiketi tangu mdogo. Kiswahili alichonacho ni cha kuokoteza, lakini siku ile alijitahidi.

"Babu, kwa nini umeondoka? Wallah mimi natafuta wewe kila pahala. Watu wote naulizia Babu yuko wapi. Sukari iko sawa?"

"Sawa, alhamdulillahi. Vipi mkeo?"

"Mzuri. Anasalimia. Ile bunduki... *khalas*, Babu, usiweke ndani ya moyo. Wale wanacheka tu."

"Sijaweka."

Nilikuwa naandaa chai. Babu aliniomba nilete kitambaa cha kijani. Nilikileta. Alikifungua mwenyewe, akaitoa bunduki, ameshaisafisha mafuta yote, amepaka ya mashine aliyonituma dukani. Pamoja nayo ilikuwa karatasi ya polisi. Alikuwa amekwenda asubuhi na mapema kuuliza namna ya kuiandikisha kwa jina la Yazan. Alisimama. Yazan naye akasimama. Babu akaikabidhi kwa mikono miwili.

Yazan aliipokea, akaielekeza juu, akabonyeza. *Tak*. Macho yakamtoka kwa furaha, kijana wa watu.

"Babu! Kumbe nzima!"

"Nzima. Ilitaka jua tu. Mie n'limwambia Zabibu n'takupa mbele ya wanaume wote. Haikujaaliwa. Basi chukua hapa."

"Nitaweka ndani ya majlisi yangu, mbele kabisa. Kila mtu ataona."

"Iweke," Babu alisema. Alimtengeneza shingo ya dishdasha, ambayo haikuwa na shida yoyote. "Na wenzako wakikuuliza umeipata wapi, wambie umepewa na jirani."

Alisema kwa upole, bila hata chembe ya kejeli, kama anamkumbusha asisahau funguo za gari. Yazan hakuelewa mara moja. Nilimwona akifungua mdomo acheke, kisha nikaona likimfikia, usoni, mabegani, mikononi. Akaiteremsha bunduki. Alisema, "Babu," halafu tena, "Babu," na mara ya tatu neno hilo halikutoka lote.

Babu alikuwa amekwisha kumpa mgongo, anatafuta ndara zake kwa mguu. Adhana ilikuwa imeshatoka. Aliniomba maji ya udhu, nikampelekea, akanyoosha mikono miwili chini ya birika, akingoja. Mimi maji nikayamwaga pembeni.